Gari Lililopita Shishiyu

Mimi sina subira na mwanaume mwenye siri, na Mungu kwa makusudi akanipa Zengo. Alikuwa dereva, mtu wa Shishiyu, mrefu, mpole kwa watu wa nje na mkaidi wa kutisha akishaingia ndani ya nyumba yake. Alirudi kutoka vita vya Burma mwaka arobaini na sita akiwa na cheti cha udereva na koti la jeshi, na mwaka huohuo akaajiriwa na Bwana Constantine, Mgiriki aliyekuwa na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kule Bariadi. Mji mzima ulimwita Dereva. Hawakusema dereva wa nani. Watoto wakimwona anatembea kwa miguu walimpigia kelele, "Dereva! Dereva!" naye hujifanya hasikii ili waite tena.

Siri yenyewe ilikuwa goti. Mwaka hamsini na tano, kwenye stesheni ya Malampaka, robota la pamba liliteleza wakati wa kupakia behewa likamwangukia mguu wa kushoto. Mtu mwingine angelia. Zengo aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema hakuna kitu, akaendesha lori mpaka nyumbani. Mimi ndiye niliyemvua suruali jioni ile. Goti lilikuwa limevimba limekuwa kama boga. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi, akanishika mkono.

"Mama Ernestina," akasema, "siku utakapomwambia mtu habari ya goti hili, umenifukuza kazi wewe mwenyewe. Niapie."

Nikamwapia. Nilikuwa mjinga, nilidhani ni habari ya wiki mbili.

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Kila dereva anapobadilisha gia lazima akanyage klachi, na kwa barabara zetu za wakati ule, mashimo, matope ya mbuga, mito ya mchanga, dereva alikanyaga klachi mpaka anaota anakanyaga. Dereva asiyeweza kukanyaga ni mtu aliyekaa garini tu. Basi kwa miaka miwili nikawa namkanda kila jioni kwa maji ya moto na samli, mlango nimeufunga, utadhani tunapika gongo. Asubuhi anaamka, anajinyoosha, anavuka kiwanja cha jineri bila kuchechemea hata kidogo. Akirudi, anaanguka mlangoni.

Mwaka hamsini na saba pamba ilikubali. Bwana Constantine akapata fedha zikamwasha, akaamua kuagiza gari la michezo kutoka Ulaya. La watu wawili! Jekundu, fupi, tumbo linakaribia kugusa chini. Zengo aliponionyesha picha yake nikauliza kama ni la mtoto kuchezea. Lakini mwenye fedha haulizwi, na sisi tulikuwa nani wa kuuliza.

Siku moja alimwita Zengo ofisini, kitabu cha picha kimefunguliwa mezani. Bwana Constantine alikuwa amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake kilikwenda upande upande lakini kilifika.

"Zengo, wenye gari wananiuliza. Wanatengeneza namna mbili. Moja ina gia za mkono, kama lori. Nyingine ni otomatiki, gia zinajibadilisha zenyewe, klachi hakuna kabisa. Wewe ndiye utaendesha. Chagua. Jumamosi nataka jibu, barua iondoke na treni."

Zengo alirudi nyumbani uso umemshuka, kama mtu aliyeitwa barazani na hajui kosa lake. Akanieleza. Mimi, maskini, nikaruka juu kwa furaha.

"Klachi hakuna? Baba Ernestina, Mungu amekuona! Rudi ukaseme otomatiki leo leo!"

Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya wanaume inayonitia hasira mpaka leo.

"Hujaelewa," akasema. "Memsabu."

Memsabu alikuwa mke wa Bwana Constantine. Mara tatu Zengo alipewa kazi ya kumfundisha kuendesha, na mara tatu klachi ilimshinda. Gari linaruka, linazimika, linaruka tena, wafanyakazi wa jineri wamejipanga ukutani wanacheka kwa viganja mdomoni. Mara ya tatu alishuka akapigiza mlango, akasema mbele ya watu wote kwamba siku litakapopatikana gari lisilo na klachi ataliendesha mwenyewe na hatahitaji mtu.

"Gari la watu wawili," Zengo akasema. "Hesabu. Bwana na Memsabu. Mimi nitakaa wapi, juu ya boneti?"

"Basi sema la gia."

"Na goti?"

Hapo ndipo nilipoona jinsi alivyobanwa. Akisema otomatiki, amemkabidhi Memsabu usukani kwa mikono yake. Akisema la gia, goti litamuumbua mbele ya Bwana, tena si ndani ya lori peke yake bali ubavuni kwake, bega kwa bega. Na akikosa udereva, pa kwenda ni mahali pamoja tu, Shishiyu, kwa kaka yake Luhaga. Na huyo Luhaga, siku Zengo anaondoka kwenda jeshini, Zengo alimwambia mbele ya wazee wa ukoo kwamba jembe anawaachia wasio na akili. Kijana wa miaka ishirini na mdomo mrefu. Luhaga hakulisahau neno lile, na Zengo alijua hakulisahau.

"Halafu jiulize," akaniambia, anasugua goti juu ya suruali, "miaka kumi na moja, ameniuliza lini nataka nini? Aliniuliza lori likija? Mzungu akikuuliza unapenda kipi, ujue kuna jambo analitafuta. Amesikia. Anataka niseme otomatiki kwa mdomo wangu, nijichongee mwenyewe, halafu aseme aha, Zengo umechoka, nenda kapumzike."

"Au labda anakuuliza kwa sababu wewe ndiye dereva."

"Mama Ernestina, wewe huwajui."

Sikuwajua, kweli. Na yeye aliyejifanya anawajua, tutaona.

Kesho yake akaenda kwa Mtoro, fundi wa magari wa jineri, mtu wa Ujiji mwenye maneno mengi. Akamuuliza kwa kuzunguka, eti kuna rafiki yangu anataka kujua, otomatiki ni gari la namna gani? Mtoro akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Ndugu yangu, hilo ni gari la mabibi na wagonjwa! Mwanaume mzima unakaa humo mguu wa kushoto umelala, huna kazi nao. Mwambie rafiki yako aoe kwanza, aache utoto."

Neno hilo la wagonjwa ndilo lililommaliza. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Alhamisi akasema otomatiki. Ijumaa akasema gia. Ijumaa hiyohiyo jioni akasema atamwambia Bwana kwamba yote mawili ni sawa, nikamwambia akijaribu upuuzi huo nitakwenda mwenyewe ofisini. Akapauka. Nikaona nimemtisha kweli, nikamwomba radhi. Sijawahi kumwona mtu mzima akizunguka chumba cha hatua nne namna ile.

Jumamosi akavaa koti lake la jeshi, akaenda akasema gia za mkono.

Bwana Constantine, alinihadithia Zengo, aliweka kalamu chini akamtazama. "Una hakika?"

"Nina hakika, Bwana."

"Nakuuliza tena. Una hakika?"

"Ndiyo, Bwana."

Barua ikaondoka. Nilimnunia siku tatu, sikumkanda. Siku ya nne nilimkuta anajaribu kujikanda mwenyewe, anamwaga samli sakafuni. Nikamnyang'anya sufuria. Tungefanya nini?

Gari lilifika mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, njia zikiwa kavu. Na mwezi huo mama yake Zengo, Nyanjige, alikuwa kitandani. Alikuwa hali chakula, amebaki mifupa na macho. Mimi nilikuwa Shishiyu wiki ya tatu namuuguza, namwosha, namnywesha uji kwa kijiko. Zengo aliomba ruhusa, akaambiwa asubiri gari lishuke kwenye treni kwanza. Akanitumia salamu kwa Selestini, dereva wa lori: Ijumaa yeye na Bwana watalichukua gari Malampaka, watapita Shishiyu baada ya adhuhuri, atamwomba Bwana nusu saa amwone mama. Barabara inapita hatua mia kutoka nyumbani kwao. Mama aandaliwe.

Nikamwambia mayu. Mayu ndivyo tunavyomwita mama. Akaniuliza kama mwanawe atakuwa amekula.

Ijumaa nikamwosha, nikamfunga khanga mpya, tukambeba na godoro lake mpaka kivulini nje ya nyumba, uso tumemwelekeza barabarani. Alikuwa mwepesi, ningeweza kumbeba peke yangu. Macho yake yalikuwa yameshafifia, haoni zaidi ya mkono wake, lakini alitaka kuelekea huko. Luhaga alichinja mbuzi. Nilishangaa. Yule Luhaga aliyekuwa akisikia jina la mdogo wake anatema mate, alichinja mbuzi, akavaa shati safi, akaja barabarani kusimama na mimi. Majirani nao wakajitokeza, wake kwa waume, kulitazama gari jekundu la mtoto wa Nyanjige.

Tukalisikia kabla ya kuliona. Halikuwa na sauti ya lori, lilikuwa linavuma. Kisha vumbi. Luhaga akainua mikono yote miwili. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, lakini siku hiyo Luhaga hakungoja, aliita salamu kwa sauti gari likiwa bado mbali: "Mwadila! Mwadila, Zengo!" Nami napunga khanga.

Gari likapita.

Halikupunguza mwendo. Bwana Constantine, kofia imeshikwa kwa mkono, aligeuza kichwa akatutazama sisi sote tuliosimama pale. Mume wangu hakugeuka. Vumbi likatufunika, tukakohoa, na lilipopungua gari lilishafika kwenye kona ya ua wa minyaa.

Lazima mnielewe. Usukumani mtu hapiti tu. Hata ukiwa na haraka ya namna gani, unasimama, unaamkia, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, ndipo unaendelea. Kumpita mgeni hivyo ni utovu wa adabu. Kumpita kaka yako mkubwa aliyekuinulia mikono, mbele ya majirani, mama anaumwa hatua mia, hilo halina jina. Luhaga aliteremsha mikono polepole.

"Shemeji," akaniuliza, "yule si Zengo?"

Na mimi nilijua. Niliuona uso wake kwa muda mfupi tu, lakini nilikuwa nimeuona uso uleule kila jioni kwa miaka mitatu: jasho, mdomo wa chini umeng'atwa, macho yamekazwa mahali pamoja. Goti lilikuwa limegoma. Akilisimamisha gari, hataliondoa tena, kwa sababu kuliondoa ni kukanyaga klachi. Nilijua yote hayo palepale kwenye vumbi, na nilikuwa nimeapa. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana kutoka Bariadi mpaka Lamadi, nilisimama mbele ya shemeji yangu sina la kusema.

"Ni yeye," nikasema. "Labda Bwana amekataa."

"Bwana ndiye aliyegeuka kutuangalia," akasema Luhaga, akaenda zake.

Nikarudi kwa mayu. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, sijui nguvu alizipata wapi.

"Nimesikia gari," akasema. "Ndiye yeye?"

Ningesema nini? Niambieni. Nikapiga magoti pale kwenye godoro, mdomo ukasema wenyewe: "Hapana, mayu. Ni Mzungu tu amepita. Zengo yuko nyuma anakuja."

"Basi nitamsubiri."

Alikataa kuingizwa ndani mpaka jua likazama. Kila tukimgusa anasema bado. Jumamosi asubuhi, nikiwa natengeneza uji, Luhaga alitoka chumbani kwa mama yake akanitazama tu, nikaweka mwiko chini.

Zengo alifika saa saba mchana na lori la Selestini, amekaa upande wa abiria. Kilio alikisikia tangu kwenye minyaa. Akashuka na fimbo, mbele ya watu wote, mguu wa kushoto anauburuta, na watu waliokuwa wamemkusudia maneno makali wakampisha njia. Luhaga hakuinuka kumpokea. Tukazika siku hiyohiyo, jioni.

Kesho yake, watu wamekaa matangani, nilimpata nyuma ya ghala la mtama. Nilikuwa na hasira ya kumpiga, haki ya Mungu, fimbo ilikuwa palepale. Akanieleza bila kuniangalia.

Ulikuwa mto wa mchanga, maili chache kutoka Malampaka. Gari lile la chini likanasa. Akalitoa kwa kulisukasuka, gia ya mbele, gia ya nyuma, mbele, nyuma, klachi mara thelathini, arobaini. Likatoka, na goti likatoka nalo. Hakuweza tena kulikunja wala kulikandamiza. Kuanzia pale akaendesha bila klachi kabisa, kwa masikio. Ni ufundi wa madereva wa jeshi: unaisikiliza injini, unaachia mafuta, na pale inapopumua unaiingiza gia. Mtoro alisema baadaye kwamba Jimbo zima la Ziwa hawafiki watu watano wanaoliweza jambo hilo. Siku nyingine ningejivunia mpaka watu wachoke.

"Nikajisemea, nikifika Shishiyu litapoa, ndipo niombe ile nusu saa," akasema. "Halikupoa. Nikawaona. Nilikuona wewe na khanga ya kijani. Nilimwona kaka, mikono juu. Bwana akaniambia, Zengo, wale wanakupungia, si watu wako?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana, Bwana. Ni watu wa njiani tu."

Walipofika Bariadi alilizima gari mbele ya karakana, akashindwa kushuka. Bwana Constantine na Mtoro walimbeba mikono na miguu wakamlaza kwenye magunia. Bwana akatukana kwa Kigiriki, kisha akachuchumaa karibu yake.

"Wewe mtu mjinga sana," akamwambia. "Mimi sina macho? Miaka miwili naona unavyoshuka kwenye lori. Kwa nini nilikuuliza, unafikiri? Nilikuuliza useme otomatiki! Nilikuuliza mara mbili!"

"Na Memsabu?" Zengo akauliza. Hata amelala pale kwenye magunia, hilo ndilo lililomtoka.

"Memsabu anaogopa ng'ombe njiani. Alikwisha sema hataendesha kitu chochote nchi hii."

Nilikaa chini kwenye vumbi la ghala, nikacheka, kisha nikaanza kulia, kisha nikamwambia Zengo yote niliyokuwa nimeyaweka tumboni miaka mitatu. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Aliyapokea yote. Nilipoishiwa, akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Mama alisema nini?"

Ningeweza kudanganya tena, nilishazoea. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Alisikia gari. Akaniuliza kama ni wewe. Nikamwambia ni Mzungu tu amepita."

Akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Ungemwambia ni mimi," akasema. "Hata kama sikusimama. Angejua nimepita."

"Angeniuliza kwa nini hukusimama. Ningemjibu nini, Zengo?"

Tumekaa pamoja miaka mingi tangu siku ile, na bado hajanijibu.